Kona ya Migombani

Kila mwaka, mvua zikishakata na maharage yakishaanikwa, kaka yangu hupanda juu ya tela la trekta, hushika maiki, na kuwasimulia watu historia ya kiwanja chake cha mbio za pikipiki. Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari, Kibondo, na niseme mapema kwamba kaka anaisimulia vizuri kuliko ninavyofundisha mimi. Ana sauti. Anajua pa kunyamaza ili watu wacheke. Kinachoniudhi ni kwamba katika historia hiyo yote hamna mtu ila yeye na marehemu baba, na Mama anaingizwa mara moja tu, kuchekesha watu.

Huanza na lori. Baba alikuwa dereva wa magari makubwa maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alirudi Kagerankanda kwenye ardhi aliyokuwa akiiongeza kidogo kidogo kwa posho za safari, mpaka ikawa shamba la kilima kizima na bonde lake. Kahawa ilikuwa juu, migomba ikaizunguka nyumba, mahindi na maharage yakawa bondeni. Alirudi pia na lori chakavu alilouziwa na mwajiri wake kama zawadi ya kumuaga, na gia ya kurudi nyuma ya lori hilo ilikuwa imekufa. Fundi wa Kasulu akasema spea haipatikani. Baba akasema sawa, basi halitarudi nyuma. Akachukua majembe na vibarua, akakata barabara inayolizunguka shamba lote, ili akiingia na mbolea atoke na kahawa kwa lango lile lile bila kuhitaji gia asiyokuwa nayo. Hiyo ndiyo asili ya kiwanja, na hapo kaka hatii chumvi hata kidogo. Hapahitaji chumvi.

Baadaye vijana wa jirani walikuja kujifunzia udereva kwenye barabara ile, maana hata ukikosea huna pa kugonga ila kahawa. Na Jumapili, baada ya ibada, madereva wenzake wa zamani walikuja na pikapu zao kushindana. Ila mbio za baba hazikuwa za kasi. Kila gari liliwekewa ndoo ya maji nyuma, imejaa hadi mdomoni, na mshindi alikuwa yule ambaye ndoo yake ilirudi na maji mengi. Wanaume wazima walipita mbele ya nyumba yetu polepole, wamekaza shingo, wanaogopa hata kupiga chafya. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Nataka msomaji ajue kwamba Mama aliwahi kuzicheka mbio, tena kwa sauti, kwa sababu wanaokuja siku hizi wanadhani ni bibi aliyezaliwa kanuna.

Kaka hilo la ndoo hulitaja kwa haraka. Halina vumbi, halina moshi, haliwafai wafadhili.

Sasa niingize kipande ambacho hakimo kwenye historia ya maiki. Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kuilelea kwa Mama, kama ilivyo kwetu. Nilijifungua salama kituo cha afya, mtoto wa kiume, nikarudishwa nyumbani kulala uzazi. Asubuhi moja alikataa ziwa. Mchana alikuwa hayupo. Alikuwa bado hajatolewa nje, yaani bado hajafanyiwa ile shughuli ndogo ya kumpitisha mlangoni, kumwonyesha jua na kumpa jina mbele ya watu.

Katika ukoo wetu mtoto wa namna hiyo hazikwi na wanaume. Hakuna matanga, hakuna jeneza, hakuna mtu anayeacha kazi zake. Mama na shangazi walimfunga kitenge, wakatoka naye kwa mlango wa nyuma, wakaenda naye migombani. Mimi nilikatazwa kunyanyuka kitandani. Baba na kaka walikuwa barazani, na walijua, lakini mwanaume hatazami upande huo wala haulizi. Wanawake nao wakirudi hawasemi walikomweka. Hakuna kunyoosha kidole. Wanasema mwanamke akionyeshwa mahali atakuwa anakwenda pale kila siku, na tumbo lake litabaki kule likingoja, badala ya kupokea mwingine. Nilisoma chuo, nimefundisha mila na desturi kwa chaki na ramani, na siku ile nililala kitandani nikatii kama kila mwanamke wa nyumba ile.

Mume wangu ni mtu wa Songea, aliletwa Kibondo na ajira ya serikali. Alifika kesho yake na basi la kwanza, kavaa shati jeupe, akauliza kaburi liko wapi ili naye aweke udongo. Nyumba nzima ikatazama chini. Baba alikohoa. Nikamwambia liko migombani.

"Migombani wapi?"

Sikujua. Alinitazama kama mtu aliyeoa mgeni. Tulipata watoto wengine wawili, wazima, wanasoma, na bado kila baada ya muda, hasa akiwa anafunga viatu asubuhi, alikuwa ananiuliza yule wa kwanza alilazwa wapi hasa. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka kujua tu, na mimi nilikuwa nataka kujua kuliko yeye. Nilimuuliza Mama zaidi ya mara moja. Aliniambia, "Yupo nyumbani," akabadilisha mazungumzo.

Baba akafariki, shamba likawa chini ya kaka. Siyo kwamba nilitaka shamba. Binti wa kwetu haachiwi shamba, anaachiwa mahali pa kufikia, na mimi niliachiwa chumba chenye kitanda na msumari wa kutundikia mkoba. Kaka alikuwa na pikipiki kadhaa za bodaboda Kasulu mjini, na vijana wake walikuwa na tabia ya kushindana barabarani na kuvunjika miguu. Akasema badala ya kufia kwenye lami, waje wafie shambani. Ndivyo alivyosema, na huo ndio utani wake. Wakaja. Wakawa wanaizunguka barabara ya baba Jumapili, kisha wakaja wa Kibondo, kisha wa Kakonko, na kaka akaona hapa pana kitu.

Ila barabara ya baba ilikuwa na kona moja mbaya nyuma ya nyumba, imekunjwa kama kiwiko, kwa sababu baba alikuwa ameikwepesha migomba ya Mama. Lori lake lilipita pale taratibu bila shida. Pikipiki ilibidi ifunge breki hadi ikaribie kusimama, na mbio zinapoteza ladha. Kaka akaamua kuifungua kona, iwe ndefu, pana, inayopitika kwa kasi huku pikipiki imelala ubavu. Ili iwe hivyo ilibidi ipite katikati ya migomba. Akapima, akapigilia vigingi, akavifunga vipande vya plastiki nyekundu.

Asubuhi akakuta vigingi vimehama. Vimesogea kuelekea mtaroni, mbali na migomba, vyote, vimepangwa vizuri tu. Akadhani ni vijana. Akavirudisha. Asubuhi nyingine vimehama tena. Siku ya tatu akawahi, akamkuta Mama amepiga magoti, kanga kaifunga kiunoni, anakishindilia kigingi kwa jiwe.

"Mama! Unaiba kona?"

"Migomba yangu," Mama akajibu.

Kaka alimwinua, akampangusa magoti, akamwahidi atampandia migomba mingine, tena ya kisasa, yenye mikungu mikubwa. Akavirudisha vigingi mahali pake. Greda la kukodi likaja likapita, likamaliza kazi yake kabla ya chakula cha mchana. Jioni kaka akanipigia simu kunisimulia habari ya mama yetu mwizi wa kona, na mimi nilicheka mpaka ikabidi nitoke chumba cha walimu.

Hicho ndicho kichekesho cha kila mwaka. "Mama yangu mzazi," kaka hupaza sauti juu ya tela, "mwizi pekee aliyewahi kuiba kona!" Watu wanapiga vigelegele. Mama anakuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mahali pa heshima, anatazama miguu yake. Watu husema ana haya.

Kwa haki yake, kaka si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Kiwanja kilipoanza kuleta watu alimwezekea Mama bati jipya, akamwekea umeme wa jua na tangi la maji, akaajiri binti wa kumfulia. Wakati wa mbio kijiji kizima kinachangamka. Wanakuja waendeshaji hadi wa Gwarama, wanalala kwa majirani na kula kwa majirani. Akina mama wa Kikongo wenye vibali vya kutoka kambini Nyarugusu wanauza vitenge na mandazi langoni. Mkuu fulani lazima atakuja kukata utepe na kusema vijana wajiajiri. Na wote, nasema wote, wanakimbilia kwenye ile kona ya nyuma ya nyumba, kwa sababu pale ndipo pikipiki zinapolala, goti la mwendeshaji linakaribia kusugua changarawe, vumbi linapanda hadi juu ya bati. Bila kona ile, kiwanja cha kaka ni barabara ya shamba tu. Yeye mwenyewe husema hivyo.

Mwaka jana Mama alikuja kwangu Kibondo kwa ajili ya kliniki ya presha, akakaa. Siku moja tulikuwa barazani tunachambua maharage, yeye na ungo wake, mimi na wangu, redio ikiwa dirishani. Mtangazaji akasema leo wanaye mgeni, mwenye kiwanja cha mbio maarufu katika ukanda wetu, atatueleza historia yake. Ilikuwa sauti ya kaka. Nikaongeza sauti ili Mama afurahi. Lori likaja, gia ikafa, barabara ikakatwa. Kisha vigingi. Mtangazaji akaangua kicheko, kile cha kuvuta pumzi kama anakwama.

Mama akanyoosha mkono akaizima redio.

"Haikuwa migomba," akasema. Kwa Kiha, lakini nayaweka kwa Kiswahili.

"Nini haikuwa migomba?"

"Vile vigingi." Aliokota punje iliyooza akaitupa. "Mgomba ukikatwa unachipua. Mimi nilie mgomba? Vilipita juu ya mwanao."

Niliacha ungo. Yeye hakuacha. Vidole vyake viliendelea, zuri huku, baya kule, na akaniambia kila kitu kama mtu anayeeleza alikoweka chumvi. Ni pale kona inapoanza kupinda, usawa wa dirisha la jikoni. Shangazi alitaka waende ndani zaidi, kwenye migomba minene, lakini Mama alikataa, alitaka awe anamwona akiwa anapika. Kwa miaka yote ile, akikoroga ugali, alikuwa anamwona. Alipanda mgomba juu yake, ukazaa, akakata, ukachipua. Halafu likaja greda.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Yeye ni mwanaume."

"Basi kwa nini hukuniambia mimi, Mama?"

"Wewe ulikuwa na mimba," akasema. "Halafu ukawa na nyingine."

Nililia kwanza, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyodumu. Nilimchukia kaka yangu kwa moyo wote, na sina haja ya kulipamba hilo. Nilizikumbuka zile pikipiki zote, mwaka baada ya mwaka, na mimi mwenyewe nikiwa nimesimama nyuma ya ukuta wa matairi nikipiga makofi. Nilizikumbuka siku Mama alipofunga dirisha la jikoni na sisi tukadhani anakwepa vumbi. Nikajua pia kwamba sasa nina jibu la mume wangu, na kwamba sitaweza kumpa jibu hilo mpaka kona ile ihamishwe. Huwezi kumwambia mtu mwanao yuko pale, na pale ndipo matairi yanapopita. Nikaapa kona itahama.

Nilimrudisha Mama Kagerankanda mwenyewe. Tulipofika kaka alikuwa kwenye kona hiyo hiyo, anapanga matairi chakavu ya ukingo na vijana wawili. Nikamwomba awaondoe vijana. Akanikonyeza, akidhani nimeleta maneno ya mke wake. Nikamwambia.

Alikaa juu ya tairi. Alivua kofia, akaigeuza geuza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mtu asiyemwona.

"Dada, haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Kwa nini Mama hakunena? Angesema neno moja tu!"

"Ungemuuliza neno moja tu, kaka. Ulimkuta amepiga magoti, na umri wake ule, anahamisha vigingi siku tatu mfululizo. Hukujiuliza ni migomba gani hiyo?"

Akaanza kuwaza kwa sauti, na nilimsikia akitoka kwenye huzuni na kuingia kwenye hesabu za kiwanja, taratibu, bila yeye mwenyewe kujua. Mashindano yalikuwa yanakaribia. Waendeshaji wameshaitwa. Na habari ikitoka kwamba chini ya kona kuna kaburi, nani atakubali kupita? Hata mtu akiteleza mahali pengine kabisa watasema ni lile. Kiwanja kitakufa, na nyumba nyingi hapa sasa zinakula kwa kiwanja.

"Nyumba nyingi," nikasema. "Mimi nina mmoja tu pale."

Hapo alilia kweli. Kisha akajipangusa, akasema jambo ambalo hata leo siwezi kusema lilikuwa baya.

"Mama atuonyeshe. Mbele ya mchungaji, ili pasiwe na maneno. Akionyesha kwenye kona, naihamisha. Naapa, greda naleta mimi mwenyewe na kona naifukia. Lakini aonyeshe yeye. Wewe hukuwepo."

Hilo la kwamba sikuwepo liliniingia kama mwiba, kwa sababu ni kweli. Mtoto wangu, na mimi sikuwepo. Lakini nikakubali, tena kwa furaha. Niliona tayari kona imehama. Nilimwona mume wangu na shati lake jeupe.

Tulikusanyika Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado pole. Alikuwepo mchungaji na Biblia yake kwapani, kaka na mkewe, majirani wachache, na waendeshaji watatu waliokuwa wamewahi kuja kufanya mazoezi, wameshika helmeti zao kama vyungu. Mama alitoka jikoni amejifunga kitenge cha kanisani. Kwa mwanamke wa umri wake, jambo tulilomwomba lilikuwa kubwa kuliko wote walivyoelewa. Tulikuwa tunamwambia anyooshe kidole.

Alitembea barabarani polepole na fimbo yake, sisi nyuma. Alipofika usawa wa dirisha la jikoni, pale kona inapoanza kupinda, aliacha kwenda moja kwa moja. Alizunguka. Alipita pembeni, hatua ndogo ndogo, kama tunavyozunguka mkeka aliolalia mtu, kisha akarudi katikati ya barabara na kuendelea. Hakuna aliyeona ila mimi. Nikasubiri asimame, ageuke.

Hakugeuka. Aliendelea hadi kwenye ukuta wa matairi, akapita mahali palipo na mwanya, akatoka nje ya kiwanja kabisa, akaingia kwenye ile migomba ya kisasa aliyopandiwa na kaka. Akasimama chini ya mmoja. Hakunyoosha kidole. Alielekeza kwa kidevu.

"Ni hapa," akasema.

Kaka alitoa pumzi ambayo wote tuliisikia. Halafu akamkumbatia Mama akalia tena, akimshukuru Mungu, na mkewe akaanzisha pambio. Waendeshaji wakainamisha vichwa. Mchungaji akafungua kitabu. Mimi nilikuwa nimefumbua mdomo, neno liko kwenye ulimi, na Mama akanitazama juu ya bega la kaka. Hakunikodolea macho. Aliniomba. Kusema pale kungekuwa kumwita mama yangu mwongo, juu ya maiti, mbele ya mtumishi wa Mungu na mkwe wake. Nikafumba mdomo. Tukaomba.

Kaka alifanya kila kitu vizuri. Alileta saruji na mchanga, akajengea kakaburi kadogo, akakapaka chokaa, akazungushia maua mekundu. Aliwaambia waendeshaji kwamba pale amelala mtoto wa dada yake, na wakaamua wenyewe, bila kuambiwa, kwamba kila mmoja akifika pale atainua mkono wa kushoto kusalimu. Siku ya mashindano niliwaona. Wanakuja kwa kasi, wanailaza pikipiki usawa wa dirisha la jikoni, tairi la nyuma linachimba changarawe na kuirusha, kisha wananyanyuka na kuinua mkono kwa adabu kuelekea kule kwenye saruji nyeupe. Mmoja baada ya mwingine. Watu walisema hawajawahi kuona kiwanja chenye heshima kama kile. Jirani mmoja alinishika mkono akanipa pole na hongera kwa pamoja.

Niliondoka nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa amefunga dirisha, anamenya ndizi gizani karibu na moto. Nikakaa kwenye kigoda. Pikipiki zilikuwa zikija na kupita.

"Mama, umeninyang'anya mwanangu mara mbili," nikamwambia.

Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi.

"Oya, mwana wanje. Hapana, mwanangu. Wewe una kwako Kibondo. Una mume, una mshahara, una wale wawili." Aliitumbukiza ndizi kwenye sufuria ya maji. "Mimi ninakula kwake. Nikianguka, atakayeniokota ni yeye. Nikifa, atakayenizika ni yeye. Ningefunga kiwanja chake, ningeishi wapi ndani ya nyumba hii?"

"Na yeye aliye pale?"

"Nimekuwa naye pale kabla yako," akasema. "Na nitaendelea kuwa naye."

Niliona kwamba mama yangu alikuwa amepiga hesabu yake ya uzee peke yake, na katika hesabu hiyo mwanangu ndiye aliyetolewa, kwa sababu ndiye pekee asiyeweza kumfanya lolote. Nilimwonea huruma, na sikumsamehe. Vyote viwili nilivihisi kwa wakati mmoja, nimekaa pale, moshi machoni.

Mume wangu alikuja Kagerankanda likizo iliyofuata. Alisimama mbele ya ile saruji nyeupe na watoto wetu wawili, akachukua udongo kiganjani, akauweka kwa utaratibu, mara tatu, kama wafanyavyo kwao. Aliniambia sasa amepumzika. Nikamwambia nami pia.

Kwa Mama ninakwenda mara chache. Kila mwezi nanunua dawa zake za presha Kibondo na kuzipakia kwenye basi la Kasulu, na kaka hunipigia kusema zimefika. Kisha humpa Mama simu, naye hunishukuru kwa heshima, maneno machache, kama mtu anavyomshukuru mtu baki.